Kasosiali ya Kwanza ya Cité

Mi niliona na macho yangu mutu anaandika shida yake mwenyewe ku mulango ya kwake, na rangi ya bluu, herufi kubwa kama ile ya bateau, meli ya mto, na watu wanapita mu balabala wanamupongeza: félicitations, papa! Mutacheka. Sisi pia tulikuja kucheka, lakini nyuma, miezi imepita. Siku neno ilifika, tulichinja kuku.

Ilikuwa mu miaka ya hamsini, wakati ya Wabelgiji, hapa hapa Kisangani. Wazungu walikuwa na jina yao ya kuita muji, sisi tulisemaka tu Kisangani. Wao walikaa Makiso, fasi ya banki na magazini na taa. Sisi tulikaa mu cité, mitaa ya watu weusi, parcelle kwa parcelle, kila kiwanja na lupango, uzio ya miti, jiko inje. Ee, asubuhi ya cité ile! Kila nyumba inatwanga lituma, ndizi na kinu, tu-tu-tu, unasikia huyu anapiga haraka, ule anapiga polepole, unajua hata nani aligombana na bwana yake usiku. Moshi ya samaki inakuamsha mbele ya jogoo. Leo watu wananunua mukate. Bon, tuache.

Mi nilikuwa binti ya miaka kama kumi na sita. Wazazi yangu walikuwa Isangi, kule chini ya mto, na mi walinituma kukaa kwa mama mukubwa wangu, dada ya kwanza ya mama, juu nijifunze kushona ku foyer, nyumba ya kufundishia wanamuke. Mama mukubwa alikuwa mujane, mufupi, mwenye kinywa. Akisimama ku mulango ya parcelle, mikono ku kiuno, hata polisi anapita upande ingine. Na mu nyumba ya nyuma alikaa tonton, mujomba wangu, mudogo wao, mutoto wa mwisho kwao. Huyu tonton njo habari yenyewe.

Kazi ya tonton ilikuwa kupaka rangi. Bateau inafika ku port, kutu imekula chuma, yeye anashuka na kamba mupaka karibu na maji, anaandika jina ya bateau upya. Bila kupima! O yake ilikuwa mviringo kama sahani. Vijana wa port walikuwa wanasimama kumuangalia. Na bibi yake, muke wake, alikuwa anamuletea chakula kila saa sita, amefunga sahani mu kitambaa, anakaa ku mbao anamusubiri amalize. Wale wawili walipendana mupaka ilikuwa inaleta haya kuwaangalia.

Alors, bibi akapata mimba ya kwanza. Kwetu Isangi, mimba ya kwanza, mwanamuke anarudia kwa mama yake kuzaa. Njo desturi. Tonton akakataa. Asema hapa kuna hopitali, kuna sage-femme, mukunga, kwa nini aende kuzalia mu pori? Bibi akazalia hapa. Akafa, na mutoto naye. Wangeweza kufa kule pia, nani anajua? Lakini wandugu ya bibi walituma neno na watu wa pirogue, mitumbwi: huyu mwanaume, siku atakanyaga huku, sisi tunamungojea. Na wale walikuwa wanaume wa kufanya kitu yenye wanasema.

Nyuma ya pale, lotoko. Mwenye hajui lotoko, ni pombe ya mahindi na muhogo, wanapika mu pipa, inatoka tone kwa tone, kali, inaunguza mupaka ku masikio. Leta ilikuwa inaikataza. Sisi serikali tunaiita Leta. Bière ya chupa, ile ya bar, Leta haikuikataza hata kidogo, juu kila chupa ilikuwa inalipa kitu mu kasa, sanduku ya pesa ya cité, na kwa ile pesa ya bière njo walitengenezaka robinet ya maji, na barabara, na foyer yetu ya kushonea. Jirani yetu, mwanamuke mumoja mwembamba mwenye bwana alikuwa anashinda mu bar, siku alisikia hii habari alipiga mikono:

“Kumbe? Basi bwana yangu peke yake amejenga barabara mupaka Buta!”

Na tonton, akiwa amelewa yake, alikuwa anasema: “Dada, mi sina shida ya kunywa. Shida yangu ni moja: ninakunywa yenye hailipie Leta.”

Tulicheka. Lakini mikono ikaanza kutetemeka. O ikakuwa kama yai, kisha kama kiazi. Ku port wakamufukuza. Na kichwa nayo ikaanza. Asubuhi anainama ku sufuria, anaongea na bibi yake. Hakika. Anaweka sikio, anatikisa kichwa: ee, ee, nimesikia.

“Asema nini?” mama mukubwa anamuuliza, bila kuacha kufagia.

“Asema chumvi imepunguka.”

Mama mukubwa anaonja mboga. Na wallahi, chumvi ilikuwa imepunguka!

Sasa muelewe ginsi mambo ya Leta ilikuwa. Mutu mwenye homa, mulango yake ni hopitali. Mutu mwenye kichwa imepinduka, na mutu mwenye pombe, mulango yao ni boloko, gereza. Katikati hakukukuwa kitu. Hakuna infirmier, muuguzi, wa huzuni. Polisi walimukamata tonton ku njia, wakamuweka mu boloko, akatoka mwembamba. Wakamukamata tena. Pale muzungu wa Leta mwenye alikuwa anaangalia cité akasema neno, na karani wake akatuletea mu Kiswahili, amesimama mu parcelle yetu na chapeau, kofia yake, mukononi:

“Mukubwa asema hivi: mutu bila kazi, tena mulevi, hana fasi mu cité. Akimuona tena mu boloko, bateau. Atarudia kwao Isangi.”

Mama mukubwa akakaa chini, paf, ku udongo. Sikukuwa nimemuona mama mukubwa anakaa chini mbele ya mutu. Yeye alijua nani anangojea ku mto kule.

Kesho yake akavaa liputa yake ya sikukuu, akanikamata mukono, tukaenda ku foyer.

Madame wa foyer alikuwa muzungu mwembamba, mwenye velo, baiskeli, na Kiswahili alijifunza mu kitabu. Anaingia: “Hamjambo, akina mama!” na sisi wote tunafunika midomo. Alikuwa na mutoto ya mpira, na ile mutoto ya mpira alitufundisha kuosha mutoto, sisi wenye tulibeba wadogo yetu ku mugongo tangia tulianza kutembea! Lakini alikuwa na moyo muzuri. Akimaliza kuonyesha, anatuuliza: “Na ninyi, mnafanyaje?” Na anaangalia kweli.

Mama mukubwa hakungojea salamu.

“Madame, hapa munashona nguo. Wenye vichwa vyao vimepasuka, nani anawashona?”

Akaeleza yote. Bibi, lotoko, sufuria, boloko, bateau. Madame akasikiliza, akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha asema na Kiswahili yake ya kitabu: “Mama, yeye si mtu mbaya. Yeye ni mgonjwa.”

Njia yote ya kurudia mama mukubwa alikuwa anairudilia, mdomo amekaza vile vile: “Ni mgonjwa. Umesikia? Ni mgonjwa.” Sikujua kama anacheka ao analia.

Madame akaenda mbele ya baraza ya cité, fasi chef na wazee wake na muzungu wa Leta walikuwa wanakata mambo ya ile kasa. Karani alikuwa pale, anageuza Kifaransa mu Kiswahili, na alikuja kutuhadisia kwetu, juu kwetu kulikuwa samaki. Asema wazee walikuwa wanataka pesa ya bière iende ku uwanja ya mupira. Madame akasimama, asema kidogo ya ile pesa isaidie wagonjwa wa kichwa na wa pombe palepale kwao, mu parcelle zao, bila kuwafunga. Kisha muzee mumoja wa mwisho, mwenye alikuwa karibu kusinzia, akainua kidole:

“Ile pesa, nani aliileta mu kasa?”

“Wenye kunywa,” chef anajibu.

“Bon. Turudishie wenyewe kidogo.”

Karani asema baraza yote ilicheka mupaka chef alishika tumbo, na muzungu wa Leta pia akacheka wakati walimugeuzia, na vile kila mutu bado anacheka, wakakubali. Hivyo njo pesa ilitoka. Lakini na masharti: tunajaribu na mutu mumoja kwanza. Mvua ikiisha, wakubwa wanakuja kuangalia. Wakimukuta muzima, anabaki, na pesa inaendelea. Wakimukuta amelewa, pesa inarudia ku uwanja ya mupira, na yeye anapanda bateau.

“Na mutu mwenyewe ni nani?” mama mukubwa anauliza, ijapo alijua.

Karani akafuta kinywa, akasimama, akavuta shati. Sauti ikabadilika, ikakuwa ya Leta.

“Mu hii cité nzima, tonton yenu njo kasosiali ya kwanza.”

Mama mukubwa akasogeza sikio.

“Kaso… nini?”

“Kasosiali. Madame mwenyewe alisema, mukubwa wa Leta naye akarudilia. Kasosiali.”

“Ni kazi gani ile?”

Na hapa, niwaambie, karani hakujua. Lakini karani gani atasema hajui, mbele ya wanamuke, na samaki ya watu mu tumbo? Akatazama juu. “Foyer ni mambo ya sosiali, sivyo? Bon. Donc kasosiali ni… ni mwenye kuangalia ile mambo.”

“Kama kapita?” mama mukubwa anauliza. Kapita, ni kusema mukubwa wa wafanyakazi.

“Voilà! Kama kapita. Ila ya sosiali.”

Na fikiri vizuri, ilikuwa na akili yake! Karani, kapita, kasosiali: zote zinaanza na ka. Mama mukubwa akapiga vigelegele, jirani akaruka lupango bila kuuliza, wengine wakafuata, na kuku mweupe mwenye alikuwa anatembea pale na mambo yake, siku yake ikaisha. Tonton akatoka mu nyumba ya nyuma, macho mekundu, anauliza nani amezaa.

“Wewe!” jirani anamuambia. “Umezaa kazi!”

Walimueleza. Alisimama pale, mukono mumoja ku ukuta, anatuangalia mumoja mumoja kama watu wenye wanamuchezea. Kisha karani mwenyewe akamupa mukono. Karani wa Leta! Akimaliza, tonton akaangalia ile mukono yake mwenyewe, sijui alitafuta nini ndani. Asema: “Mi? Ya kwanza?”

“Ya kwanza,” karani anasema.

Wiki ile ile vitu vikafika: muchele, makayabu, ile samaki ya chumvi, na ndoo za chokaa, juu madame alisema apake ukuta ya foyer polepole, kadiri ya nguvu. Infirmier wa hopitali naye alikuwa anapita na velo kumupima. Sasa mutu anapata muchele, anapata chokaa, infirmier anamutembelea kama mukubwa, kazi ingine ni nini? “Mushahara,” mama mukubwa anasema, na anahamisha makayabu mbele ya majirani, kutoka mulango huu mupaka mulango ule, bila sababu.

Kuacha lotoko haikukuwa kitu ya kuchekesha. Mwanzo alitoka jasho mupaka mukeka inalowa. Alitetemeka, meno inagongana. Aliona siafu ku ukuta, wanapanda, wanashuka, wanakuja ku miguu yake. Infirmier alisema tumupe maji mingi na supu, tusimuache peke yake. Jirani alikuwa anamuambia: “Papa, hakuna siafu!” na yeye anapiga kelele zaidi. Mama mukubwa hakubishana. Alikamata ufagio, akafagia ukuta, kutoka juu mupaka chini, akafagia mupaka ku mulango, akawatupa inje.

“Nimewatoa. Wamebakia wangapi?”

“Pale, dada. Ku kona.”

“Ah, huyu mukubwa! Njoo hapa, wewe!” Na ufagio, vuu.

Aliwafagia mupaka waliisha.

Na nilimuuliza tonton, wakati alikuwa amepona kidogo, tunachambua sombe, majani ya muhogo, wote wawili, nguvu alitoa wapi. Akanijibu bila kuinua kichwa: “Kasosiali mulevi, umeonaka wapi?”

Njo alitafuta mabaki ya rangi ya bluu ku port, akapanda ku kiti, akaandika ku mulango ya parcelle, juu kabisa: KASOSIALI. O ilikuwa bado na kiazi kidogo, lakini ya kusomeka. Watu wakaanza kusoma. Na watu wa cité ni watu wa mantiki: kama kuna kasosiali, na alikuwa mulevi, na Leta imemupa muchele, basi yeye njo kapita wa walevi. Siku moja, tunakula, tunasikia:

“Hodi! Kasosiali iko?”

Ilikuwa jirani, anasukuma bwana yake, yule wa barabara ya Buta, mutu munene, mupole, shati ya vifungo viwili.

“Huyu hapa. Mufanyie ile yenye walikufanyia.”

Tonton akashangaa. Akamuangalia bwana, bwana akamuangalia. Mwisho akamupa kipande cha chuma, akamuonyesha mabati ya zamani: “Kwangua kutu, papa. Kwangua tu.” Wakakwangua wote wawili. Mama mukubwa akawapelekea sinda, ile chai ya majani yenye inanuka ndimu. Yule bwana akarudia kesho. Kisha wakaja wengine. Kijana mumoja hakukuwa hata na pombe, alikuwa tu hasemi tangia mama yake alikufa. Walimuleta, akakaa mu kivuli, akapewa pinceau, burashi ya rangi. Hakusema, lakini alipaka. Mu parcelle yetu hakukubaki kitu bila chokaa: kinu, mawe ya jiko, muti ya papayi. Mbuzi ya jirani ilirudia kwao mweupe, jirani akaikataa mara mbili.

Ile miezi, ee! Sauti za wanaume wenye hawajalewa, mchana, wanagombana ku mambo ya rangi. Mi nilikuwa napita na maji ku kichwa nasikia tonton anasema, na ile sauti ya kapita: “Wewe, mukono yako inatetemeka bado. Kaa, kunywa sinda. Hapa hatukimbilie.” Mupaka leo nikinusa chokaa yenye maji, napata raha mu kifua, nasimama kidogo.

Mvua ikaisha. Wakubwa wakaja.

Muzungu wa Leta mbele, na kaptula nyeupe na soksi ndefu. Chef. Madame na velo yake. Karani nyuma. Ndani tonton alikuwa na wanaume wake wanakwangua pipa, amevaa shati safi. Mama mukubwa alikuwa amefagia tangia jogoo. Muzungu akafika ku mulango, akainua macho, akasimama.

“Ka-so-si-a-li,” anasoma.

Akageuka kwa madame. Madame akakuwa mwekundu mupaka ku shingo. Muzungu akaanza kucheka, kwanza pua tu, kisha mabega. Akasema kitu na Kifaransa, haraka. Sisi wote tukaangalia karani ageuze. Karani akaangalia viatu vyake.

“Geuza!” chef anamuambia.

“Asema… asema rangi ni nzuri.”

Madame hakukuwa mutu wa uongo. Akaingia mu parcelle, akasimama mbele ya tonton, akasema na ile Kiswahili yake, polepole: “Cas social si kazi, bwana. Ni maneno mawili. Maana yake ni mtu mwenye shida. Mtu anayehitaji kusaidiwa.”

Wanaume wakaweka vyuma chini. Mi nilitaka udongo inimeze kwa nafasi yake. Tonton alikuwa bado ameshika kipande cha chuma.

“Donc hii miezi yote,” anasema, “mi nilikuwa mugonjwa.”

“Ndiyo.”

“Na hawa?” Anaonyesha wanaume nyuma yake.

Madame akauliza muzungu, muzungu akainua mabega, akajibu kifupi. Madame akageuza mwenyewe, karani alikuwa amejificha nyuma ya papayi. “Baraza ilikubali mtu mmoja. Hawa, serikali haiwajui.”

“Haiwajui!” Jirani huyo, amepasua watu, kitambaa imeanguka. “Madame, huyu mutu munene hapa ni bwana yangu. Leta haimujui? Imekunywa pesa yake miaka yote! Tangia anakuja hapa anarudia nyumbani na miguu yake, anaimba, watoto wanakimbia kumupokea, si kumukimbia. Na unajua juu ya nini? Juu alikuwa anamuogopa huyu mugonjwa wako!”

“Sikuwa namuogopa,” bwana yake anasema chini.

“Nyamaza, ulikuwa unamuogopa!”

Watu wakacheka, chef akacheka, na muzungu akataka kujua. Karani akatoka ku papayi, akageuza, na mara hii akageuza vizuri, mupaka na kitambaa yenye ilianguka. Muzungu akasikiliza. Akamuendea tonton, akamuambia anyooshe mikono. Tonton akanyoosha. Mi nilikuwa karibu: vidole vilikuwa vinatulia. Muzungu akaviangalia wakati murefu, akanusa hata pumzi yake kama mutu ananusa nyama ku soko, tonton akafunga macho, akavumilia.

Kisha neno ikatoka. Atabaki mu cité. Muchele na makayabu vitaendelea, vya mutu mumoja. Wale wengine, kasa haina pesa yao. Uwanja ya mupira nayo inangoja. Na ile maandiko ku mulango ifutwe leo, juu mutu haandike mambo ya Leta ku nyumba yake.

“Vya mutu mumoja,” mama mukubwa anasema wakati walitoka. “Basi maji mingi mu supu.”

Hakuna mwenye alipiga vigelegele. Woga ya bateau ilikuwa imekwisha kichwani mwetu, tungeruka, lakini tulikuwa tunaangalia tonton. Alipanda ku kiti, akapaka chokaa juu ya bluu, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha ku ukuta ya pembeni. Wanaume wakaaga mumoja mumoja. Akaosha pinceau, akavaa chapeau, akatoka.

“Mufuate,” mama mukubwa ananiambia.

“Nimuambie nini?”

“Sema mafuta ya taa imeisha. Kimbia!”

Jua ilikuwa inashuka, watu wanarudia kutoka Makiso na velo, kengele kila upande. Alikuwa anatembea mbele, mikono nyuma, na mi niliona njia yenye anakamata: njia ya mama mumoja mwenye alikuwa anauzisha lotoko, fasi yake ya zamani. Nikamufikia.

“Tonton, mama mukubwa asema mafuta ya taa imeisha.”

“Jana nilinunua.”

“Imemwagika.”

Akaniangalia. Hakusema naongopa. Tulifika mbele ya ule mulango, na mama wa lotoko alikuwa amekaa inje, anapepea, akamuona, akafurahi:

“Oh! Kasosiali! Umetutupa!”

Tonton akasimama. Mi nilishika shati yake, nyuma, kama mutoto.

“Mama,” anasema, “unajua kasosiali ni nini? Leo wamenieleza. Ni mutu mwenye shida, mwenye watu wanapaswa kumusaidia.”

Yule mama akafikiri, upepeo wake ku shavu. Akasema: “Si njo wote wenye wanapitaka hapa? Wewe njo wa kwanza mwenye Leta ilimupa muchele juu yake.” Na akacheka, ile kicheko yake ya meno moja moja, na tonton, hakujizuia, akacheka pia, mabega inatikisika, mupaka akatoa chapeau akapangusa macho.

“Bonsoir, mama.”

“Bonsoir, papa. Nisalimie dada yako, ule simba.”

Tukaenda, tukanunua mafuta ya taa yenye hatukuhitaji.

Asubuhi, kinu zimeanza, mi niko nawasha moto, tukasikia sauti ya mwanamuke ku mulango. Hakuwa wa avenue yetu. Alikuwa ametoka mbali, miguu na vumbi, na bwana yake amemuegemea, anapepesuka, macho hayaone. Alikuwa anatafuta juu ya mulango maandiko yenye watu walimuambia, na pale juu kulikuwa chokaa nyeupe tu.

“Pardon,” anauliza, “wanasema hapa kulikuwa kasosiali. Iko?”

Mama mukubwa alikuwa na ufagio. Akabaki nayo hewani. Nyumba ya nyuma ikafunguka, tonton akatoka na singlet, mswaki mu kinywa. Akatema pembeni. Akaangalia yule mwanamuke, akaangalia yule bwana, mikono yake hasa, ginsi ilikuwa inatetemeka.

“Iko,” anasema. “Mwingize. Lakini asiegemee ukuta, chokaa bado mbichi.”

Yule bwana alikuwa ameshaegemea. Alishinda kwetu siku nzima na mugongo nyeupe.